Mwizi wa Koti Jeupe

Tulipofungua sanduku la mjomba Masanja siku ya kugawa nguo zake, harufu iliyotoka haikuwa ya kwake. Mjomba alinukia sabuni ya kipande na petroli. Harufu ile ilikuwa ya mitumba, kama robota linapokatwa kamba, dawa ya mende iliyochanganyika na vumbi la nchi usiyoijua. Chini kabisa, chini ya mashati ambayo wanaume walikuwa wameshaanza kuyapima mabegani mwao, lilikuwepo koti jeupe. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshonwa begani kwa uzi mnene wa magunia ya pamba. Nililiona nikakaa chini. Watu walidhani msiba umenizidi, wakaniletea maji.

Nilipokuwa mtoto, Bariadi ilikuwa imeanza kuletewa vitu. Nimesimuliwa kwamba kabla ya hapo rafu za maduka zilikuwa tupu na sabuni ilipangiwa foleni, lakini hayo mimi sikuyaona. Ninachokumbuka ni magari ya wanunuzi binafsi wa pamba yakipigiana honi, nguo za mitumba zilizotandazwa chini siku ya mnada, na banda la video. Lilikuwa banda la mabati nyuma ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kuwe na giza hata mchana. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara kutoka Lamadi, mtu mnene tuliyemwita Mzee Dagaa. Televisheni, deki na jenereta alivileta kwenye gari lile lile la samaki, kwa hiyo banda zima lilinuka petroli na dagaa. Mpaka leo nikisikia dagaa wanakaangwa, sehemu fulani ya moyo wangu inasubiri picha ianze.

Mjomba Masanja, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, ameshika kipaza sauti, na kila mzungu aliyefungua mdomo mjomba alimsemea. Wanawake aliwapa sauti nyembamba, polisi aliwapa sauti ya mtu mwenye mafua. Alikuwa amemaliza darasa la saba kama watu wengi wa kwetu, lakini mimi sikujiuliza Kiingereza alikitoa wapi. Niliamini wale wazungu wanamsikia. Niliamini wanasubiri amalize kusema ndipo waendelee.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya wezi wawili, mwanamume wa koti jeupe na mwanamke wa kofia pana. Hawakubeba panga wala bunduki. Waliingia hoteli kubwa kwa mlango wa mbele, wakasalimiwa, wakavutiwa viti. Mwanamume alivaa glavu nyeusi, akavua moja taratibu kidole kwa kidole kabla ya kumshika mtu mkono, na mtu yule alipoondoka hakuwa tena na saa. Hawakukimbia hata mara moja. Watu bandani walicheka mpaka wakapigana makofi ya mgongo. Mjomba naye alitafuta mitumba mnada hadi mnada akapata koti jeupe. Lilikuwa pana mabegani, lakini alilivaa kila siku ya kazi, na alipokuwa anamsemea yule mwizi alishusha sauti iwe nzito na ya taratibu, kama ya padri anapotoa matangazo.

Mjomba alikuwa na ujuzi mmoja ambao leo ndipo ninapojua thamani yake. Watazamaji wake walitoka vijijini, wengi wao wafugaji, na aliona kwamba wezi wakiiba vijiwe vya kung'aa hakuna aliyeshtuka. Basi vijiwe akavigeuza kuwa ng'ombe. Lile sanduku la chuma la kufichia mali aliliita zizi. Polisi wakawa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijiji vyetu. "Mama huyu tajiri mnayemwona," alisema kwenye kipaza sauti, "ana ng'ombe wa kujaza uwanja wote huu wa mnada. Na zizi lake liko ukutani, nyuma ya ile picha iliyotundikwa." Hapo watu walinyamaza wote.

Mimi nilikuwa nimegawa wezi mafungu mawili. Kulikuwa na wezi wa bandani, ambao walikuwa aina ya wazungu, wasafi, wachekeshaji. Na kulikuwa na wezi wa kwetu, ambao sikuwahi kuwaona, ila niliujua mwano. Mwano ni ile sauti kali ya juu ambayo mtu anaipiga akivamiwa. Ukiusikia, unaacha uji jikoni, unaacha jembe shambani, unachukua fimbo na kukimbilia unakotoka, huku na wewe unaupokeza kwa wa mbele yako. Asiyekimbia anaulizwa kesho yake alikuwa wapi. Na anayeupiga bila kuwepo mwizi, sungusungu wanamtoza ng'ombe, na akishindwa anatengwa. Hakuna wa kumpa moto wala maji, hakuna wa kumsaidia kulima, na akifiwa atachimba kaburi mwenyewe.

Bibi yangu, mama yake Masanja, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa nao zamani. Wezi walikuja usiku wakafungua zizi, wakatoa wote, kisha wakaurudisha ule mlango wa miiba vizuri mahali pake, wakaufunga kwa kamba ile ile. Asubuhi bibi alipita pale na kibuyu cha kukamulia, akaona mlango umefungwa, akaenda kwanza kuwasha moto. Walipogundua, jua lilikuwa juu na nyayo zilikwisha kukanyagwa. Babu alizifuata hivyo hivyo kuelekea Meatu, akarudishwa amebebwa. Bibi alipoisimulia habari hiyo hakulia. Alichokuwa akirudia ni ule mlango. "Waliufunga," alisema. "Waliufunga kama watu wenye adabu."

Bandani hakuwahi kuingia. Kazi ya mwanawe aliiita kuongea na kabati. Lakini siku moja ya mnada alikuja mjini kuuza kuku, akawauza mapema, na mjomba akamkuta amekaa kivulini mwa ghala pamoja na mimi.

"Mayu," mjomba alimwambia, na mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "leo utaingia. Kiti cha mbele kabisa."

"Nikafanye nini humo?"

"Uone kazi ya mwanao. Ukitoka ukasema ni upuuzi, kesho nakwenda kulima pamba yako mpaka mgongo uvunjike."

"Pamba yangu utalima hata nisiposema," bibi alijibu, lakini aliinuka. Alimtazama juu mpaka chini. "Na koti hili umeazima kwa nani? Wewe na mwenzako mnaweza kuingia humo wawili."

Mjomba alicheka kwa furaha ambayo sijaisahau. Alimshika mkono akampitisha katikati ya watu, akamwonyesha benchi la mbele, akampangusia vumbi kwa leso. Jirani yetu Jilala, mzee aliyekuwa akiuza miwa na kunipa kipande kila nilipopita kwake, alikuwa nje anapima miwa yake, na tulipompita alimtania, "Leo bibi kizee anakwenda Ulaya." Bibi akamwambia awape salamu zake waliobaki.

Picha ilianza. Bibi alikaa wima kama yuko kanisani. Watu walipocheka alinigeukia. "Wanamcheka nani?" Nikamwambia, mwizi. "Kwa nini?" Nilikuwa mtoto wa aibu, na swali lenyewe sikuwahi kulifikiria.

Ikafika pale ambapo wote tulikuwa tunapasubiri. Usiku, nyumba kubwa, mama mzee tajiri amelala kitandani peke yake. Mwizi wa koti jeupe anaingia kwa dirisha. Anamwona mama, anainama kumsalimu kana kwamba yuko macho. Blanketi lake limeteleza, mwizi analivuta taratibu anamfunika mpaka mabegani. Banda likalipuka kwa kicheko. Kisha anakwenda ukutani, na mjomba, kwa ile sauti nzito ya taratibu, akasema, "Lala, mama. Mimi nafungua zizi lako kidogo tu. Ng'ombe wako nitawatoa mmoja mmoja, wasije wakakuamsha." Mwizi akatoa mali yote, akaitia mfukoni. Halafu akafanya jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Akaurudisha mlango wa lile sanduku, akaufunga polepole, akaupapasa kwa glavu kuhakikisha umefungika.

Bibi akasimama akapiga mwano.

Sikuwa nimewahi kuusikia ukiwa karibu. Haukuwa kama sauti ya mtu ninayemjua. Uliingia masikioni kama ncha, na bandani kicheko kikakatika. Kabla hajavuta pumzi ya pili nje walikuwa wameshaupokea, kwenye ghala, kwenye mnada wa ng'ombe, ng'ambo ya barabara, mpaka nikahisi mji mzima umefungua mdomo mmoja. Blanketi lililoziba mlango wa banda likavutwa, mwanga ukatumwagikia, na watu wakaingia na fimbo na marungu.

"Yuko wapi?"

Bibi alikuwa ananyoosha kidole kwenye televisheni. Alikuwa hawezi kusema, kidole tu kimesimama. Na kati ya kidole na televisheni alikuwa amesimama mjomba, ameinuka kwenye stuli yake amshike mama yake, kipaza sauti mkononi, amevaa koti jeupe.

Wa kwanza kumpiga alikuwa Jilala. Namtaja si kwa chuki, bali kwa sababu ndicho kitu kilichonishtua kuliko damu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa mtupu. Alikuwa anampiga mjomba kwa namna ile ile aliyokuwa akikata miwa, bila haraka, huku akiangalia mahali fimbo inapotua. Wengine wakafuata. Mkono wa koti ukachanika begani. Mjomba alianguka na kipaza sauti, na kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo spika zote mbili zikawa zinatoa sauti yake kubwa kuliko makelele ya watu. "Mayu. Mayu, ni mimi. Ni Masanja." Ilikuwa sauti tuliyoizoea kama ya mwizi, na juu yake, kwenye kioo, mwizi mwenyewe alikuwa anacheza dansi na mwanamke wa kofia pana.

Nilikaa kwenye benchi. Sikulia wala sikusogea. Nilikuwa naelewa kitu kwa mara ya kwanza, kwamba mafungu yangu mawili ya wezi yalikuwa fungu moja, na kwamba watu walionipa miwa na watu wanaoua walikuwa walewale.

Bibi ndiye aliyeokoa. Alijitupa. Mwanamke mzee, alianguka juu ya mwanawe kifudifudi, mikono ameitandaza, na fimbo iliyokuwa hewani ikampata yeye mgongoni kabla hawajazuia. Hapo wakasimama. Kumpiga aliyepiga mwano hakuna aliyejua maana yake.

Ntemi wa sungusungu, yaani mkuu wao, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, alipenya mbele. "Mama Masanja," alisema, "simama. Mwizi ni nani?"

"Si huyu."

"Huyu tumeona si yeye. Nauliza ni nani."

Bibi alinyoosha kidole tena, safari hii akiinama ili kisiguse mtu. Watu wote wakageuka kumtazama mzungu akicheza dansi.

Kuna mtu nyuma alicheka, akanyamazishwa. Ntemi hakucheka. Alisema kwamba mwano umepigwa, watu wameacha mnada, damu imemwagika, na sheria anaijua kila mtu. Kama mwizi hayupo, mwenye makosa ni aliyeita. Bibi akasema hana ng'ombe, kila mtu anajua hana. "Najua," ntemi akasema, na nilivyoliona neno lile likimtoka kwa shida ndipo nilipoogopa. Akilini nilimwona bibi akitembea kijijini na mtungi wake, na milango ikifungwa.

"Ntemi," mjomba alisema akiwa bado chini. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na jino moja lilikuwa limelegea. "Mwizi yupo. Kaeni muone. Mkimwona kwa macho yenu, mtasema wenyewe kama mayu amekosa."

Mzee Dagaa akalalamika kwamba petroli inakaribia kuisha.

Wakakaa. Sungusungu walijaza mabenchi yote, fimbo zimesimama katikati ya magoti, wengine wakachuchumaa. Mkanda ukarudishwa nyuma mpaka mwanzo. Mjomba alipanda stuli yake, bibi akakaa sakafuni miguuni pake akiwa amemshika kifundo cha mguu, na mjomba akatafsiri. Kila alipofika kwenye herufi zinazohitaji midomo alikuwa anasita, akifuta damu kwa ule mkono wa koti uliokuwa unaning'inia. Sauti za wanawake hakuzifanya. Wote aliwasemea kwa sauti yake mwenyewe.

Mwizi alipoingia dirishani, wazee waliinama mbele. Alipofungua ukuta, ntemi alinyoosha mkono.

"Simamisha. Hao ng'ombe wako wapi?"

Mjomba alifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Umesema anatoa ng'ombe. Mimi nimefuga tangu sijaota meno. Sioni hata mkia."

"Si ng'ombe, ntemi. Mimi ndiye niliyewaita ng'ombe, ili watu waelewe."

"Ni nini basi?"

"Ni shanga."

Wazee walitazamana. "Shanga," ntemi alirudia. "Mtu mzima, na viatu vile, anapanda ukuta usiku kwa ajili ya shanga?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yule mama ana nyumba kubwa vile, zizini ana shanga tu? Hana hata ndama?"

"Hana."

"Maskini," alisema mzee mmoja kwa huruma ya kweli, na hapo ndipo kicheko kilipoanza. Kilianzia kwa mzee huyo mwenyewe, kikaenda benchi kwa benchi, kikavunja ule ukimya mbaya. Hata Jilala alicheka huku anafuta macho. Mimi sikuweza. Nilikuwa naitazama fimbo yake.

Bibi naye hakucheka. Alikuwa anaiangalia televisheni kwa makini, amesogeza uso karibu, kama anatafuta mawe kwenye mchele.

Mwisho wa picha wezi walikuwa kwenye boti, wanakunywa kwenye glasi ndefu. Na yule mama mzee alikuwa pamoja nao, amevaa shanga zake shingoni, wote watatu wanacheka. "Hapo imekuwaje?" ntemi akauliza. Mjomba alitazama kioo kwa muda. Kisha akasema, "Wamemrudishia. Walikamatwa, wakaomba radhi, wakarudisha kila kitu. Sasa wanakunywa pamoja, yameisha."

"Wamerudisha?" bibi aliuliza kutoka sakafuni.

"Vyote, mayu. Unaona amevaa."

Bibi alimtazama mwanawe mdomoni. "Naona," akasema.

Ntemi aliamua kwamba mwizi alikuwepo, kila mtu amemwona, na mama wa watu aliita inavyopaswa. Kosa lilikuwa la walioshindwa kutazama kidole kinaelekea wapi. Jilala na wenzake watampeleka Masanja hospitali. Mkanda ule usionyeshwe tena Bariadi, maana mwizi anayepigiwa makofi huzaa mwizi mwingine. Jenereta likazimika wakati bado anasema.

Jioni ile bibi alishona koti kwa uzi wa magunia, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Mjomba hakulivaa tena. Aliacha utafsiri, akalima pamba, akazeeka mapema. Jilala aliendelea kunipa miwa, nami niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, kisha nikaitupa.

Miaka mingi baadaye niliikuta picha ile kwa muuza CD mjini, imetafsiriwa na kijana wa kutoka Dar es Salaam, na huyo alikuwa anakijua Kiingereza. Niliitazama peke yangu. Hawakukamatwa. Hawakurudisha kitu. Yule mama mzee alikuwa mwenzao tangu mwanzo, mkubwa wao hasa. Usiku ule hakuwa amelala hata kidogo. Sikumwambia mtu. Sikujua kama mjomba alitudanganya au naye alisoma nyuso tu, kama sisi.

Siku ya kugawa nguo bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, haoni vizuri tena. Niliweka koti mapajani mwake. Alilipapasa mpaka akaufikia ule mshono begani, akaacha vidole vyake hapo.

"Wale wezi wa kwenye kabati," alisema. "Umewahi kuwaona tena?"

Nilisema nimewaona. Nilijiandaa kumwambia kwamba ndiyo, bibi, walirudisha vyote, kama alivyosema mjomba.

"Yule mama hakuwa amelala," bibi akasema.

Niliketi kwenye mkeka karibu naye.

"Mara ya pili mimi sikumwangalia mwizi. Nilimwangalia yeye. Alipofunikwa blanketi, alitabasamu. Mimi nimelala nikaibiwa. Najua aliyelala anafananaje."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Na ukasema unaona wamerudisha?"

Bibi alivuta uzi wa mshono kidogo, kuona kama bado unashika. Ulikuwa unashika.

"Mtoto wangu alikuwa anatoka damu mdomoni," alisema, "na bado ananitafsiria."

Kisha akalikunja koti, mkono ule wa kushonwa ndani, akalikalia ili lisigawiwe mtu.